Waya za Meno Ukweni

Niliwekewa waya za meno nikiwa mtu mzima, mwalimu wa chekechea hapa Nakuru, tena mwenye mchumba. Watoto wa darasa langu walizizoea upesi. Mimi sikuzizoea. Nilijifunza kucheka midomo ikiwa imefungwa, na nikizungumza na mtu mzima mkono ulipanda wenyewe hadi mdomoni.

Mchumba wangu aliposema mama yake anataka kuniona, kitu cha kwanza nilichofikiria ni meno. Kwao ni Kuresoi, wakulima wa viazi na mahindi. Tulimkuta mama ametoka shambani, gambuti za mpira miguuni zimejaa matope, akanikumbatia hivyo hivyo. Sebuleni alikuwepo shangazi wa mchumba wangu, mwanamke wa sauti kubwa, pamoja na majirani waliokuja kumwona mgeni.

Tulikula ugali, kuku na mboga ya managu. Nilitafuna polepole, upande mmoja. Kisha mama akaleta sinia ya mahindi ya kuchoma, akaniteulia hindi zuri kuliko yote.

Daktari alikuwa amenikataza vitu vigumu. Ningesema hivyo tu, mambo yangeisha. Lakini wote wangetaka kuona mdomo wangu.

"Nimeshiba, mama."

"Hata hili moja?"

"Wasichana wa mjini hao," shangazi akasema. "Mahindi ya moto wa kuni yanawanukia moshi."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alilirudisha hindi kwenye sinia, na nilipomwona uso nikanyoosha mkono, nikalichukua, nikauma.

Kitu kikalia ndani ya kichwa changu. Kijichuma kilichogandishwa kwenye jino la mbele kilikuwa kimebanduka, na ncha ya waya ikanichoma ndani ya mdomo. Nikajaribu kutabasamu ili wasijue.

"Woi, huyu anatoka damu!" Shangazi aliinama akanitazama vizuri. "Na hayo majani yote kwa meno?"

Managu yalikuwa yamejisokota kwenye waya upande mpaka upande. Nilifunika mdomo, nikatoka nje, nikaingia kwenye gari tulilokuja nalo. Sikumuaga mama.

Kliniki ilipofunguliwa baada ya wikendi, mchumba wangu alinipeleka, akakaa kwenye kiti kando. Daktari alirudishia kijichuma, kisha akanipaka meno rangi ya zambarau na kuniambia nisukutue.

"Palipobaki rangi ndipo pana uchafu," akasema, akanipa kioo.

Nilikuwa nikipiga mswaki asubuhi na jioni bila kukosa, nikijiona msafi. Kwenye kioo kila kijichuma kilizungukwa na zambarau, na fizi zilikuwa zimevimba juu yake. Daktari alinieleza kwamba mswaki wangu ulikuwa ukipita juu juu tu. Akanionyesha jinsi ya kuulaza kwa pembe, kwanza juu ya waya, halafu chini yake, na kiburashi chembamba cha kupenyeza katikati. Nilimsikia nusu nusu. Nilikuwa nikimfikiria mtu aliyekaa pale kwenye kiti, ambaye alikuwa amenibusu mdomo huo.

Tukiwa njiani nikamuuliza, "Ulikuwa unajua?"

"Nini?"

"Mdomo wangu. Harufu."

Hakuondoa macho barabarani. "Nilidhani ni waya. Nilidhani ndivyo huwa."

Nikageukia dirisha. Baadaye akasema, "Mama anauliza kama chakula chake kilikuwa kibaya."

Jioni hiyo nikampigia simu mama. "Mama, haikuwa chakula. Meno yangu yana waya, na mahindi huzivunja. Niliona haya kusema."

Mama akasema, "Si ungeniambia tu? Nyumba yote imejaa viazi." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyefedheheka. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya majirani zake, nyumbani kwake, na hilo liliniuma kuliko ile waya.

Tulirudi mvua zilipoanza. Mama alikuwa ameponda viazi na maziwa, laini kabisa. Shangazi alikuwepo pia. Nilipomaliza kula nikaomba maji, na mama akanipeleka nje kwenye tangi, ambako kuna kioo kimepigiliwa ukutani, wanaume hunyolea hapo. Kila anayepita anakuona. Nikatoa mswaki na kile kiburashi, povu likanijaa mdomoni, likatiririka kidevuni.

"Anafanya nini huko muda wote huo?" shangazi akauliza kutoka mlangoni.

"Anaosha meno," mama akajibu, jagi mkononi. Kisha akanisogelea, akachungulia. "Geuka hivi, mami. Hapo juu kumebaki."

Nikageuza shingo, mdomo wazi, uso unaniwaka mpaka masikioni, nikaendelea kusugua.