Maziwa ya Jioni

Shule niliishia darasa la pili, lakini miaka ile ya themanini mwanzoni hapakuwa na chai nzuri ya maziwa pale Karatu ambayo mkono wangu haukuhusika nayo. Nilitoka Singida na shuka moja. Nikachuma kahawa kwenye mashamba ya Oldeani, nikapandishwa cheo kukamua ng'ombe wa meneja, na nilipoondoka niliondoka na mtamba wangu mwenyewe wa gredi, ng'ombe wa kizungu wa maziwa mengi. Nilimswaga kwa miguu hadi Karatu, watu wakitoka majumbani kumtazama kama harusi inapita. Alipozaa, nikawa muuza maziwa. Sikuyatia maji hata siku moja. Madereva wa malori ya vitunguu ya Mang'ola, kabla ya kukaa hotelini, waliuliza kwanza kama chai ni ya maziwa yangu.

Mke wangu ni Mwiraqw wa Kansay. Kwao maziwa ni ya mama. Yeye ndiye anayekamua, anayefukiza kibuyu kwa moshi, anayejua nani anywe kwanza na yapi yaachwe yagande. Mwanamume akichungulia kibuyu, wanawake wanamcheka mpaka atoke nje. Mimi nikasema hiyo ni sheria ya ng'ombe wa kienyeji. Huyu wa gredi ni jasho langu, na maziwa yake yanaingia kwenye keni ya kuuzia. Basi nikauza ya asubuhi, nikauza na ya jioni.

“Baba watoto, ya jioni yabaki nyumbani,” aliniambia mara moja.

“Mnakosa nini? Unga si umejaa?”

Hakurudia. Wakati huo alikuwa na mimba, na binti yetu wa mwaka mmoja na nusu alikuwa ameachishwa ziwa, kama desturi. Mtoto akawa anakula uji wa mahindi mtupu na ugali. Nami niliona mashavu yake yamejaa, miguu imenenepa, nikajisifu barazani: “Mtoto wa muuza maziwa huyo, mwangalieni!”

Mimba ilipokuwa kubwa, mke wangu alishindwa kumbeba mtoto kwenda kliniki. Nikambeba mimi, yeye akinifuata polepole nyuma. Foleni nzima wanawake, mwanamume peke yangu, nikamnyanyua juu kila mtu amwone. Muuguzi aliyekuwa akipima uzito nilimfahamu vizuri, kila asubuhi nilimpelekea chupa yake ya maziwa mlangoni.

Hakusifu kitu. Alishika mguu wa mtoto, akabonyeza kwa kidole gumba, akaachia. Pakabaki shimo, kama umebonyeza donge la unga.

“Huu si unene, baba. Ni maji. Na nywele hizi umeziona zilivyokuwa nyekundu? Anacheza huyu?”

Nikafikiria. Hakuwa anacheza. Nilidhani ni mtoto mpole.

“Ni utapiamlo. Ukichelewa utamzika,” akasema, si kwa ukali. “Kwako anakunywa maziwa kiasi gani?”

Nilitafuta uongo wa kumjibu, nikaishia kusema, “Yote nauza.” Mke wangu alikuwa anatazama chini. Angeweza kusema kwamba alinionya, akaninyamazia mbele za watu, na hilo mpaka leo namshukuru.

“Kuanzia kesho chupa yangu usilete,” muuguzi akasema. “Mpe huyu. Uji wake utieni maziwa na karanga za kusaga. Maharage, mchicha, yai likipatikana. Kidogo kidogo, mara nyingi.”

Jioni hiyo nilichukua keni nikampa mke wangu mkononi. Akaipokea, akaniambia, “Sasa toka jikoni.”

Mwenye hoteli ya chai niliyemuuzia maziwa, mzee wa Kiislamu tuliyeheshimiana, alinikamata njiani kesho yake. “Mnyaturu, umenitupa! Madereva wananipigia kelele, maziwa ya jioni yako wapi?”

“Yamepata mwenyewe.”

“Nani huyo anayelipa kunishinda mimi?”

“Bado ana meno ya maziwa,” nikasema. Akanitazama usoni, akaacha utani. Jioni akatuma mayai matatu kwenye kikapu.

Lakini kilichonitesa ni wiki ya pili. Mtoto akakonda! Mashavu yakaisha, miguu ikawa vijiti, mbavu nikazihesabu. Niliogopa kuliko siku ya kliniki. Nikamwambia mke wangu tumwache huyo muuguzi, maziwa ya gredi huenda ni mazito kwa mtoto, twende kwa mganga.

“Tulia,” akasema, huku anakoroga uji. “Maji yanatoka. Huyo unayemwona sasa ndiye mtoto wako, yule mnene hakuwa yeye. Shika kikombe, mnyweshe.”

Nikamnywesha. Mimi, niliyekuwa nachekwa nikichungulia kibuyu, nilikaa kwenye kigoda asubuhi na jioni nikimnywesha mtoto kijiko kwa kijiko. Vingine alivitema kifuani kwangu.

Siku moja mchana nilikuwa nakula ugali na maharage. Akaja mwenyewe, anayumba kwa miguu ile myembamba, akaingiza mkono kwenye sahani yangu, akatafuna, akaingiza tena. Nilipotaka kumega tonge langu akanipiga kofi mkononi.

Mke wangu alicheka, mara ya kwanza tangu masika. “Mpishe mwenzio,” akasema.

Nikasogeza sahani yote upande wake.