Nyayo Mlangoni pa Zizi

Nakumbuka asubuhi moja, nikiwa bado msichana kwa baba yangu hapa Ilongero, tuliamka tukakuta miiba ya zizi imesukumwa kando, ng'ombe hawamo. Mwanangu, wewe unayeshinda mbele ya kompyuta ukiandika programu, utajiuliza ng'ombe wanakuhusu nini. Vumilia. Mimi sikusoma sana, lazima nianzie kwenye ninachokijua.

Tulikimbia ovyo. Kaka zangu, majirani, mimi mwenyewe, kila mtu na upande wake, kisha tunarudi zizini kuulizana na kutoka tena mbio. Ndipo akafika shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke mfupi ambaye hata wanaume walishusha sauti akipita. Hakuingia. Alisimama nje ya miiba akatutazama.

"Simameni hapo hapo mlipo," akasema. "Kila mnapokanyaga, mnamfuta ng'ombe."

Tukasimama. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameinua mguu, akabaki nao juu kama korongo mpaka alipoambiwa aurudishe palepale alipoutoa. Shangazi akainama, akausoma mchanga bila haraka, akatupitisha pembeni kwenye majani. Ng'ombe tuliwakuta bondeni wakila mtama wa watu. Ndama mmoja mweupe hatukumpata. Yeye alikuwa ametoka kwa njia yake, na nyayo zake ndogo zilikuwa chini ya zetu. Shangazi hakutukaripia tena. Alituonyesha tu jinsi pale mlangoni palivyovurugika, akaenda zake. Mama yake yule ndama alilia hadi sauti ikamkauka.

Sasa sikia habari za juzi juzi.

Mume wangu alipokuwa bado hai, mjukuu wetu Zaituni, ambaye anaandika programu huko Mwankoko, alimrekodi kwa simu akiita ng'ombe warudi. Mzee alipofariki, Zaituni akanihamishia ile sauti kwenye memori kadi, kwenye simu haikubaki, nami nikawa naichomeka kwenye redio yangu ndogo. Kila nikikaa kukamua, naiwasha. Mzee anawaita ng'ombe mmoja mmoja kwa Kinyaturu, anamsema yule wa pembe moja kwamba ana kiburi kama shemeji zake, yaani ndugu zangu mimi, kisha ananiona nimesimama kando na kibuyu cha maziwa. Anasema, "Mama Hamisi, mbona unasimama mbali kama mgeni? Njoo." Nami naitika. Watu wa nyumbani walishazoea, hawageuki tena kunitazama.

Siku moja redio iliishiwa nguvu katikati ya sauti, na tangu hapo kadi haikusema tena. Nikapanda bodaboda mpaka kwa Zaituni.

Alinipokea kwa shikamoo na kicheko, akasema hiyo ni kazi ndogo. Kompyuta ikamwambia kadi haina kitu. Akaanza kutafuta dawa mtandaoni. Programu za kurudisha vitu vilivyopotea ziko tele, na kila moja inajisifu kuliko mwenzake. Akashusha moja, ikashindwa. Akashusha nyingine yenye rangi za kupendeza, ikamwambia bonyeza hapa tukutengenezee kadi, akabonyeza. Akashusha nyingine tena. Mimi nimekaa mkekani, sioni anachokiona, namtazama yeye usoni tu. Kicheko kilikuwa kimemtoka.

Mwishowe akauliza kwenye ukumbi mmoja wa mtandaoni, wanakosaidiana waandishi wa programu wa nchi mbalimbali. Akajibiwa na mtu asiyemjua hata jina. Yule mtu alimwelekeza kwenye programu ya zamani, ya bure, isiyo na picha, maandishi tu kwenye kioo cheusi, na ina maelezo marefu ambayo wengi hawayasomi. Zaituni akanisomea, akiyageuza Kiswahili. Yalisema: kabla ya yote, usiandike chochote tena kwenye kadi. Kilichopotea bado kimo humo, ila kila kipya unachokiweka kinaweza kukikalia. Nakili kadi nzima kama ilivyo, yenyewe iweke pembeni, utafute kwenye nakala.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Mwanangu, nilimsikia shangazi. Aliyeyaandika, mtu wa nchi ya mbali ambaye huenda hajawahi kuona zizi la miiba, alikuwa anasema maneno ya shangazi yangu aliyekufa zamani. Nilitamani awe hai nimpelekee habari hiyo.

Nikamsimulia Zaituni juu ya yule ndama. Akauondoa mkono kwenye kompyuta. "Bibi, nimeshakanyaga," akasema.

"Basi simama," nikamwambia. "Tutazame kilichobaki."

Akanakili, akatafuta, tukangoja. Sauti ikatoka. Ng'ombe wote waliitwa, hata wa pembe moja na kiburi chake. "Mama Hamisi, mbona unasimama mbali kama mgeni?" Kisha mkwaruzo, kisha kimya. Ile "njoo" haikuwemo. Zaituni alilia. Mimi nililia baadaye kwenye bodaboda, dereva akadhani ni vumbi, akanipa pole.

Siku hizi redio ikifika pale, nalisema neno hilo mwenyewe. Si sawa, lakini kibuyu kinajaa.

Sikuambii haya ili uogope vitu vipya. Tafuta, wewe mwenye akili inayochemka. Zana nzuri zipo, zimewekwa njiani na watu usiowajua, na ubaya wa kuziacha ni kama ubaya wa kuzidaka bila kuuliza. Ukiiona inayokupendeza, usianze na vidole. Soma aliyeitengeneza anasema nini, hasa yale maneno marefu yanayokuchosha. Ijaribu kwanza kwenye kitu usichokipenda. Cha mtu, na hasa cha marehemu, kinakiliwe kabla hakijaguswa. Na ukikwama, uliza mapema, usingoje mchanga uvurugike. Zaituni ameyaandika yale maelezo kwa Kiswahili, akayaweka wazi bure, mwingine ayakute kabla hajabonyeza. Hapo ndipo nilipomsamehe kabisa, ingawa sikumwambia. Atasoma hapa.

Mungu akupe macho ya shangazi yangu na subira yake. Akulindie kazi ya mikono yako na sauti za wazee wako. Na popote utakapokuwa umesimama mbali kama mgeni, akuwekee mtu wa kukuambia, njoo.