Miguu ya Amuri

Pikipiki ilikata roho tukiwa tumekwisha kuiacha Bengamisa mbali nyuma, pale baiskeli za makaa zinapoanza kuwa nyingi na mtu anajua kwamba Kisangani haiko mbali. Dereva alinionyesha upande wa mji kwa midomo, kisha akaketi kando ya barabara kumngoja mwenzake alete kipuri. Mimi nikaanza kutembea. Sikuwahi kufika Kisangani. Viatu vyangu vilikuwa vipya, vya ngozi, nimevinunua Kampala, na mvua ilikuwa imevilowanisha tangu asubuhi. Kabla sijauona mto Tshopo, visigino vyote viwili vilikuwa vinawaka moto.

Kijana mmoja alinipita akikimbia. Alivaa buti za jeshi, na mgongoni alibeba mfuko wa mchanga uliofungwa kwa vipande vya mpira wa tairi. Akageuka, akaanza kukimbia kinyumenyume mbele yangu ili aone ninavyokanyaga.

“Papa, unatembea sawa bata iko naenda kuuzwa,” akasema.

Nilicheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Alichukua begi langu bila kuuliza, akalitupia juu ya mchanga wake, na tukavuka daraja pamoja, yeye akijizuia asikimbie. Hadi tulipofika ng'ambo nilikuwa nimekwisha kujua jina lake, Amuri, na kile alichokitaka kuliko kitu chochote duniani. Wiki iliyofuata kulikuwa na majaribio ya kuingia kikosi cha makomando, katika kambi moja nje ya mji. Kukimbia hakumtishi, wala kamba, wala pompi za mikono, zile za kulala kifudifudi na kujiinua. Kilichomtisha ni mwendo wa mwisho, wa mzigo na bunduki, kutwa nzima. Mwaka uliotangulia aliufikia mwendo huo akiwa miongoni mwa wa mbele, lakini soksi zilipovuliwa ngozi ya nyayo ilitoka nazo. Alirudi nyumbani amevaa kandambili kwa sababu buti hazikuingia tena, na tangu siku hiyo vijana wa mtaa wanamwita Komando Kandambili. Umri wake ulimruhusu kujaribu mara moja tu zaidi.

“Roho iko, mapafu iko,” aliniambia. “Ni hii miguu tu. Mungu alinipa miguu ya mutoto.”

Alinipeleka kwao nipumzike, katika mtaa wa Tshopo, nyumba ya matofali yenye ua uliofagiwa vizuri, ya familia ya Kiislamu iliyokuwa hapo kabla ya mababu zao kukumbukwa kwa majina. Mama yake, Mama Khadija, hutengeneza kwanga, mikate ya muhogo iliyofungwa kwa majani, za kuuza, na ndoo za muhogo uliolowekwa zilijaa kando ya ukuta. Baba alikwisha kufariki. Mwanamume wa nyumba alikuwa Tonton Mohamadi, ndugu wa mama, askari wa zamani wa kuruka kwa mwavuli, ambaye sasa anauza mafuta ya mawese. Yeye ndiye mwalimu wa Amuri. Kila alfajiri humwamsha, humjazia mfuko mchanga kwa mikono yake, na kumpigia kelele hadi kona ya barabara.

Jioni ile Amuri alikwenda sokoni kushusha magunia, kazi inayomlisha, na Tonton Mohamadi akaniambia nimpe miguu. Aliketi kwenye kigoda, akaiweka mapajani mwake kama mtu anayempakata mtoto. Aliiosha kwa sabuni. Alipitisha sindano kwenye moto, akatoboa malengelenge pembeni, chini kabisa, akayakamua polepole kwa kitambaa, lakini ngozi ya juu hakuigusa. Ngozi hiyo, alisema, ndiyo bandeji, na anayeichana anajichuna mwenyewe. Kisha akakausha. Hapo hakuwa na haraka. Alipitisha kitambaa katikati ya kila kidole, akarudia, akapuliza kwa mdomo, akarudia tena, ndipo akapaka poda kutoka kwenye kopo.

“Maji ndiyo inaua muguu,” akasema. “Risasi, bon, inaweza kukukosa. Maji haikukose.”

Aliniambia nisiondoke hadi ngozi ishikane, na Mama Khadija akanitandikia mkeka kwenye chumba cha mbele. Chumbani mle ukutani palikuwa na kofia ya askari imetundikwa kwenye msumari, safi, bila vumbi. Nilidhani ni ya tonton.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimekaa kwenye benchi uani, miguu nimeinyoosha kwenye hewa kama nilivyoagizwa. Amuri alitoka kusali akakaa karibu nami. Miguu yake ilikuwa bado inadondoka maji ya udhu. Akachukua soksi, akaanza kuzivuta juu ya ngozi ile ile yenye maji.

Sikuweza kuacha kuitazama. Nyayo zilikuwa nyeupe, zimekunjamana, laini kama muhogo uliotoka kwenye ndoo za mama yake. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa imepasuka. Nilimwambia afute kwanza, kwa kuwa tonton amenikataza hata tone.

Akacheka. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni asiyejua mambo ya dini, kwamba maji ya sala hayafutwi. Yanaachwa yakaukie ndani ya buti. Yanaifunga ngozi, yanaifanya ngumu, na wanajeshi wote wa zamani waliotoka nyumba za Waislamu walifanya hivyo. Tonton mwenyewe alimfundisha tangu siku ya kwanza. Kila sala anatawadha, anavaa buti, anakimbia.

“Ni tonton aliyekwambia?” nikauliza.

“Tonton.”

Akatazama miguu yangu. Ilikuwa mikavu, myeupe kwa poda tu, na malengelenge yamelala. Akaacha kucheka. Alivua soksi aliyokuwa ameivaa nusu, akauinua mguu wake, akauweka kwenye benchi kando ya wangu. Akaniuliza tonton alifanya nini hasa jana, nami nikamweleza: sindano, kitambaa, vidole, poda, maneno juu ya risasi. Alisikiliza bila kunitazama, macho yakiwa kwenye miguu minne.

Tonton Mohamadi aliingia uani akiwa na dumu la mafuta begani. Alipoona jinsi tulivyokaa aliliweka chini, wala hakusogea tena.

Amuri hakupandisha sauti. Aliuliza kama ni kweli kwamba maji yanaifanya ngozi kuwa ngumu. Tonton alimtazama dada yake, aliyekuwa ameinamia ndoo zake, mikono ndani ya maji. Mtazamo huo ulimtosha Amuri.

“Usimuulize yeye, niulize miye,” Mama Khadija akasema, bila kuinuka. “Ni miye nilimuomba.”

Ndipo nikajua ile kofia ukutani ni ya nani. Alikuwapo kaka mkubwa, Baraka, ambaye tonton mwenyewe alimshika mkono akampeleka jeshini kwa fahari. Hakurudi. Walileta kofia tu. Tonton alimwapia dada yake kwamba mtoto wa pili hatamtoa, na Amuri alipoanza kusema habari za makomando, wakubwa hawa wawili walikubaliana wasimkataze. Aliyekatazwa huondoka usiku. Aliyefeli hubaki nyumbani.

“Lakini kwa nini ulinikimbiza?” Amuri alimuuliza mjomba wake. “Kila asubuhi unanipigia makelele. Unanijazia muchanga. Kwa nini haukukataa tu?”

“Kama nilikataa, ungeenda kutafuta mutu mwingine,” tonton akasema. “Na ule angekufundisha muzuri.”

Sijawahi kusikia mtu akisema jambo baya kama hilo kwa ukweli namna ile. Hakuomba radhi. Nadhani alikuwa amekwisha kujiambia mara nyingi kwamba, siku ikifika, hataomba.

Amuri alikaa ameshika soksi mbili mkononi. Kisha akazungumza na mama yake, si na mjomba.

“Mwaka jana nililia mu chumba. Nilisema Mungu hanitake. Mama, uliniletea chai, ukanisikia vile nalia. Ukanyamaza.”

“Nilinyamaza,” akasema.

“Bon.”

Neno hilo moja, kama kusema haya basi, kisha akaenda kulala mapema, miguu wazi nje ya shuka.

Asubuhi hakuna aliyempigia kelele. Mama Khadija alikuwa ametengeneza lituma, ndizi za kupondwa anazozipenda, na sahani ilikaa kwenye benchi hadi ikapoa. Amuri alitoka na begi dogo, buti ameziunganisha kwa kamba na kuzining'iniza shingoni, miguuni kandambili. Rafiki yake Hugues, dereva wa pikipiki kule Mangobo, angempa mahali pa kulala hadi siku ya majaribio. Nilimuuliza tonton kwa sauti ya chini kama miguu ile inaweza kupona kwa wiki moja. Alijibu kwa sauti iliyosikika ua mzima, na alikuwa akimwambia Amuri.

“Inaweza. Akauke. Asivae buti siku tatu. Kila akitawadha apanguse, katikati ya vidole, na ngozi asiitoe.”

Amuri hakugeuka. Alikuja hadi kwangu, akapiga goti, akaniomba niinue mguu. Aliligusa lengelenge la kisigino kwa kidole gumba, akabonyeza, akatazama uso wangu aone kama ninaumia. Sikuumia. Lilikuwa kavu, limeshikana.

“Huyu ndiye namuamini,” akasema, akikionyesha kisigino changu. Akachukua kopo la poda kutoka chini ya benchi.

Alimbusu mama yake mkono, kama mtoto wa nyumba ile anavyopaswa, naye mama akaushika mkanda wa begi. Amuri aliviondoa vidole vya mama taratibu, kimoja kimoja. Mjomba alikuwa amekwisha kunyoosha mkono wake pia. Amuri alipita mbele ya mkono huo na kutoka nje, akikanyaga kwa uangalifu, akiepa madimbwi ya mvua. Mtaani mtu mmoja akaita, Komando Kandambili, unahama?

Mama Khadija alirudi kwenye ndoo zake. Mimi sikuweza kwenda popote, viatu vyangu vilikuwa bado havivaliki. Baada ya muda Tonton Mohamadi alivuta kigoda mbele yangu akiwa na kitambaa kisafi.

“Leta muguu, papa.”

Nikampa. Alianza na kidole kidogo, akaenda hadi kikubwa, akarudi tena, na alizidi kufuta muda mrefu baada ya mguu kuwa mkavu.