Mihina Nyuma ya Bafu

Mama mkubwa, dada yake mama, alirudi kwetu Ruangwa mashamba ya karanga ya Nachingwea yalipofungwa. Mumewe alikuwa akiendesha trekta huko. Kazi ilipokwisha alimpa talaka, akaenda zake kwao. Tulimwona akishuka kwenye lori na furushi la nguo kichwani na gunia lililolowa maji mkononi. Mimi, binti wa miaka minane hivi, nilidhani kaleta samaki. Kumbe ni vijiti.

"Shemeji," baba alimuuliza kwa upole, "hivi vinaliwa?"

"Haviliwi. Ni mihina."

Baba akamtazama mama. Chakula kilikuwa haba. Akampa mama mkubwa ukingo wa uwanja, nyuma ya bafu letu la nyasi, maji ya kuogea yalikokuwa yakitiririkia. Alidhani anampa pabaya.

Mvua za kwanza zilipolainisha udongo, mama mkubwa aliniita. Alikata kila kijiti urefu wa shibiri, akapukutisha majani ya chini, akanionyesha macho ya mti. "Mawili yaingie ardhini. Kilaze kidogo, kisha shindilia kwa kisigino." Vingine vilikauka, akachomeka vingine. Mihina ilipofika magotini, akaikata vichwa vyote kwa panga.

"Mama mkubwa, unaiua!" nililia.

"Nisipoikata itarefuka tu kama fimbo. Subiri uone."

Kweli ikatanuka, ikashikana. Kiangazi kikaja, mashamba yakakauka hadi mlimani, lakini nyuma ya bafu letu palikuwa kijani, na jioni maua yale madogo yalinukia mpaka jikoni.

Ndipo jirani mmoja akaja na bakuli kuomba majani, bintiye anaolewa. Kisha wengine, hata kutoka Marambo. Wanawake waliokuwa wakimsalimia mama mkubwa kwa mbali, kwa kuwa kaachwa, sasa walikaa kwenye mkeka wetu wakitwanga majani, na yeye akiwapaka mabinti zao hina, mkono mmoja baada ya mwingine. Nilijifunza kucheka kwa sauti kwenye mkeka ule.

Mwaka wa tatu, baba wa bibi harusi mmoja wa Ruponda, mwanamume aliyefiwa na mkewe, alituma watu kumposa mama mkubwa. Baba yangu akamwendea mama mkubwa uani.

"Shemeji, nimewaambia jibu utatoa mwenyewe."

Mama mkubwa aliokota majani mkekani.

"Waambie waje Ijumaa," akasema.

Siku ya kupaka hina wanawake walimkatalia kushika bakuli. Mama ndiye aliyempaka, na mama hakuwa fundi. Mistari ilikwenda upande. Mama mkubwa aliitazama mikono yake, akacheka, kisha akalia, naye mama akalia pia.

Aliondoka amepakiwa kwenye baiskeli, mikono imemshika mume mpya kiunoni. Huko Ruponda alizaa watoto wawili, akazeekea huko.