Salamu Fupi kwa Mzee Ndahani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipakia gari moja mara tatu. Mkuu wa Misafara wa kampuni iliyoniajiri pale Dodoma mjini alikuwa mtu mfupi, mkali, anayevaa kofia hata ndani ya ofisi. Alilizunguka gari, akatikisa keria, kile chuma cha juu ya paa cha kubebea mizigo, akaniuliza, "Kijana, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne, mkuu."

"Inaonekana. Madumu ya maji umeyaweka juu. Gari likiinama kwenye korongo, maji hayo ndiyo yatakayolilaza. Shusha!"

Mara ya pili jeki ilikuwa chini ya mahema. "Tairi likipasuka utatandaza mahema barabarani uyauze? Shusha!" Mara ya tatu hakusema kitu, akaenda kunywa chai. Nikajua nimepata kazi.

Nawaandikia ninyi vijana mnaosomea utalii, mje mjue wenzenu tulifanyaje bila vyeti. Mimi mtoto wa Bahi, niliyechunga ng'ombe wa watu, nilipanda kutoka upakiaji hadi udereva, kutoka udereva hadi kuongoza msafara, mwisho nikamiliki Landikruza mbili zenye jina langu mlangoni. Kiingereza nilikiokota kwa wageni, neno moja moja, mpaka nikawa nawachekesha. Kazi hii imenijengea nyumba na kusomesha watoto wanne. Kazi hii hii imemnyima mke mzee mmoja wa upande wa Mvumi, na hilo nitalieleza bila kulificha.

Maandalizi ndiyo yaliyonipa sifa. Siku moja kabla ya safari nilikuwa nafungua mabegi ya wageni mwenyewe. Koti, kwa sababu baridi ya asubuhi ya huku kwetu huwashangaza waliodhani Afrika yote ni joto. Viatu vya kufunika vidole, kwa ajili ya kupanda miamba ya Kolo kwenye michoro ya kale. Khanga kwa akina mama, wasiingie mji wa mtu, yaani nyumbani kwake, magoti wazi. Kwenye gari nilibeba kibao cha kuweka chini ya jeki, maana udongo mweusi wa mbuga ukilowa humeza jeki nzima. Mkurugenzi wetu wa pili, mama mmoja asiyesifu ovyo, aliwahi kuniambia mbele ya madereva wote, "Wewe cheti huna, lakini nikikupa wageni nalala usingizi." Wenye vyeti walinuna wiki nzima.

Nilipoanza kujitegemea, wageni wangu niliwapeleka kwanza kwa Mzee Ndahani, mpiga zeze wa upande wa Mvumi. Mkewe, Mama Elina, ndiye aliyeongoza ngoma ya wanawake, ile inayobanwa kati ya mapaja. Akishaanza yeye, hata Mzungu asiyejua kucheza husimama. Alikuwa akinitania, "Bosi wa Bahi, tumbo hilo umepakia nini? Mkuu wako hakukwambia mzigo mzito ukae chini?" Walinichukua kama mtoto wao.

Sasa sikilizeni. Kwetu Wagogo salamu si neno moja. Mnaanza na mbukwenyi, mnaulizana mlivyoamka, kisha watoto, ng'ombe, mvua, shamba, mama wa nyumba. Shida ya mji husemwa humo ndani, kila moja mahali pake. Mtu mzima hamrukii mgeni na shida ambayo mgeni hajaiulizia. Mimi nimezaliwa nalijua hilo.

Siku hiyo nilikuwa na wageni saba na magari yote mawili. Tulitakiwa tukalale Kondoa, asubuhi tupande Kolo. Tulichelewa kutoka mjini. Mzee Ndahani alinipokea kwa mikono miwili.

"Mbukwenyi, mwanangu. Mmeamkaje huko?"

"Salama, baba, salama kabisa. Wageni wana haraka leo, tuanze ngoma. Mengine tutaongea baadaye."

Alinitazama kidogo. Kisha akachukua zeze.

Wanawake walipiga, lakini ngoma ilikuwa nzito. Mgeni mmoja, bibi wa makamo aliyekwisha kuona picha zangu za ngoma ile, aliniuliza kwa Kiingereza, "Yule mama anayeongoza yuko wapi?" Swali lile lilikuwa la kumuuliza mwenye nyumba. Mimi sikulitafsiri. Nilimjibu mwenyewe kwamba labda ameenda mnadani, na wageni wakaridhika. Tukala ugali wa uwele na mlenda, nikatazama saa, nikawapandisha garini.

Mzee alinisindikiza. Akashika mlango wa gari, mkono ukakaa pale.

"Mwanangu, ndiyo unaondoka?"

"Baba, safari ina ratiba. Nikirudi tutakaa sana."

Akaondoa mkono.

Mama Elina alikuwa ndani, hatua kumi kutoka nilipokuwa nakula, amebanwa kifua tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Jioni walimkalisha kwenye bodaboda, katikati ya dereva na binti yake, wakampeleka hospitali. Aliishiwa pumzi njiani. Simu ilinikuta Kolo, nikiwa nawaeleza wageni juu ya watu waliochorwa kwenye mwamba.

Nilikwenda msibani. Nilipiga magoti mbele ya yule mzee nikamuuliza, "Baba, kwa nini hukuniambia? Magari mawili yalikuwa uani kwako!"

Akanijibu taratibu, bila hasira, "Ulikuwa hujamaliza kunisalimu."

 Sikumuuliza daktari kama Mama Elina angepona kwa kuwahishwa, na hakuna aliyeniambia. Pengine asingepona. Hilo nimelisema mara nyingi nikiwa peke yangu, halinisaidii.

Niliendelea na kazi msimu mmoja tu. Kila mgeni akisema amefurahia utamaduni wetu, nilishindwa kutazama uso wake. Nikauza magari. Watu wakasema nimefilisika. Sikufilisika, ninazo nyumba mbili za kupangisha na shamba la zabibu, na bado ukitaka gari lipakiwe vizuri mkoa huu wote niite mimi. Nina miaka hamsini na sita tu. Nimestaafu kwa sababu ile kazi ilikuwa kazi ya kupeleka watu kwa watu, na mimi nilikuwa nimejifunza kupakia vitu.

Siku hizi naenda kwa Mzee Ndahani kila Jumapili baada ya ibada. Tunasalimiana yote. Watoto, ng'ombe, mvua, shamba. Nikifika pa kuulizia mama wa nyumba, naishia hapo. Naye huwa ananisubiri, anasubiri sana, halafu ananiulizia mke wangu.