Ngazi ya Nane

Saruji mbichi ina harufu yake, lakini mimi siwezi kuinusa peke yake. Lazima ije pamoja na harufu ya magunia ya katani yaliyolowa maji. Mwaka ule nilikuwa darasa la tano, miaka ya sabini ikiwa bado michanga, na chuo cha walimu kilikuwa kinajengwa kule kwetu Ronge. Mafundi walilifunika zege kwa magunia hayo na kuyamwagia maji asubuhi na jioni ili lisipasuke. Ukungu ulipoteremka kutoka mlimani, ule unaokufanya usimwone ng'ombe uliyemshika kamba, harufu ile ilishuka nao mpaka nyumbani kwetu, ikaingia kwenye nguo, kwenye blanketi, hata kwenye uji. Mama alilalamika kwamba siku hizi anapika saruji. Mimi niliipenda, maana ndiyo harufu aliyorudi nayo baba kila jioni.

Baba, Mwadime, alikuwa fundi wa mawe. Hakuwa amesoma sana; alisoma mpaka hesabu za kupimia zikamtosha, akaacha. Lakini alijua kulitazama jiwe, akaligeuza mara moja, na lilipokaa lilikaa. Kabla ya kwenda kazini na baada ya kurudi alikuwa mkulima, kama kila mtu kwetu. Shamba letu liko kwenye mteremko mkali hivi kwamba wageni walituuliza kama tunalima tukiwa tumejifunga kamba kiunoni. Tulilichonga likawa ngazi ngazi, na kila ngazi huwa inalazwa kidogo kuelekea mlimani, kamwe si kuelekea bondeni, ili mvua ikinyesha maji yasimame palepale na udongo usiende zake. Ngazi iliyolalia bondeni ni aibu ya mwenye shamba. Watu wakipita njiani wanaiona na hawasemi kitu, lakini wameiona. Baba alinifundisha kuipima kwa kiganja cha mkono kabla sijajua kuandika jina langu.

Kabla ya chuo kuja, kazi ya ujenzi ilimchukua Voi, Taveta, hata Mombasa. Alikuwa akirudi nyumbani mwisho wa mwezi kama mgeni, na mdogo wangu wa mwisho alikuwa akimkimbia na kujificha chini ya kitanda akidhani amekuja daktari wa sindano. Baba alicheka pamoja nasi, lakini nilimwona akienda nje baadaye, akasimama peke yake karibu na zizi. Kwa hiyo Bwana Mutiso, msimamizi wa ujenzi, Mkamba wa Machakos mwenye sauti ya tarumbeta, alipomwahidi kwamba jengo la sayansi likipokelewa bila dosari ataandikwa fundi wa kudumu wa chuo, nyumba nzima ilibadilika. Kazi ya kudumu maana yake baba alale nyumbani. Hicho ndicho tulichokiombea kila siku kabla ya kula, tukimkumbusha Mungu habari za jengo la sayansi kana kwamba Yeye pia alikuwa na mchoro wake.

Na jengo lenyewe lilikuwa la ajabu kwetu. Michoro ilitoka Nairobi ikiwa imekunjwa ndani ya bomba la bati, na Jumapili moja baba aliomba kuja nayo nyumbani. Aliitandaza mezani, akaweka viazi vinne kwenye pembe ili isijikunje, akatuonyesha kwa kidole. Hapa maabara ya kemia, hapa ya baiolojia, hapa ya fizikia yenye chumba kidogo kisicho na dirisha, cha kuchezea mwanga gizani. Milango yote ilifunguka kuelekea nje, ili moto ukitokea watu watoke bila kuvutana. Kulikuwa na kabati la kioo lenye dohani yake ya kuvuta moshi wa dawa kali, na mama aliuliza kwa nini mtu ajenge jiko zuri hivyo halafu asipike. Kulikuwa na bafu lisilo na mlango wala pazia, bomba la juu ya kichwa tu, la mtu aliyemwagikiwa na asidi. Hilo lilituchekesha mpaka baba akatukataza. Sinki nyeupe zilikuja kwa treni mpaka Voi, zikapandishwa mlimani kwa lori zikiwa zimezikwa kwenye nyasi kavu kama mayai, na mifereji yake ilikuwa mirefu, imepinda shingo. Kando ya kila mfereji kulikuwa na koki mbili za gesi. Baba aliniambia kwamba mwanafunzi angewasha moto kutoka mezani. Sikumwamini, nikanyamaza kwa heshima.

Sakafu ya maabara haikutakiwa iwe sawa. Mchoro ulitaka ilazwe kuelekea kwenye mtaro wa kando ya ukuta, ili maji yakimwagika yatoke yenyewe, na baba aliilaza vizuri hata Mutiso akamsifu mbele ya watu. Kisha wakahamia mwisho wa jengo, kwenye ukumbi wa mihadhara. Huo ndio uliokuwa fahari ya jengo zima: ngazi nane pana za zege zikipanda kutoka ubaoni mpaka ukuta wa nyuma, na juu ya kila ngazi meza na viti vya mvule vya kufungwa kwa bolti, ili mwanafunzi wa nyuma aone mkono wa mwalimu sawasawa na wa mbele. Baba alizimwaga ngazi zile kwa siku nyingi. Alipima urefu wake kwa kamba na pima maji, ile rula yenye kichupa cha maji ndani, ukuta hadi ukuta, bila kosa hata la unywele. Upana wake, kutoka mbele kwenda nyuma, aliusawazisha kwa jicho na kiganja, kama alivyozoea.

Sisi wa shule ya msingi tulikuwa tukisaidia Jumamosi. Wavulana walibeba kokoto, wasichana tulileta maji kutoka kijitoni. Jumamosi moja magunia yaliondolewa kwenye ngazi, maseremala wakiwa wamekwisha kufunga viti vya ngazi ya juu kabisa, na tukaambiwa tuoshe vumbi. Nikapanda mpaka juu, nikamwaga ndoo yangu. Nilitarajia maji yashuke ngazi kwa ngazi mpaka ubaoni. Hayakushuka. Yalirudi nyuma, yakasimama chini ya ukuta, safi, yametulia, kama yanavyosimama kwenye shamba letu baada ya mvua ya vuli. Nikamwaga ya pili kwenye ngazi iliyofuata chini. Vilevile. Nilijawa na fahari. Baba alikuwa mlangoni na Mutiso, nami nikapaza sauti ukumbi mzima usikie: "Baba! Umezilaza kama kwa shamba letu! Maji hayatoroki!"

Nilidhani atatabasamu. Uso wake ulibadilika rangi, na kiganja chake cha kulia kikafunguka na kufumba, kikafunguka tena. Mutiso alipanda ngazi mbili mbili na pima maji mkononi, akaiweka, akaiangalia, akaiweka kwenye ngazi nyingine, akaendelea mpaka zikaisha zote nane. Aliporudi chini alikuwa amevua kofia.

"Mwadime," alisema, "hawa watu wanakuja kusoma. Wewe umewatengenezea mahali pa kupandwa kama mahindi."

"Nimezilaza kidogo," baba alisema. Sijawahi kumsikia tena akiongea kwa sauti ndogo vile.

"Naona. Hata kwetu tunalaza hivyo. Mama yangu angekupea kuku." Mutiso alifuta jasho. "Lakini mchoro unataka sawa kabisa, na huyo mhandisi wa Mombasa anakuja Ijumaa kupokea jengo, na yeye hana shamba. Akiona hii, mimi sina mdomo wa kukutetea. Uko na siku tano."

Siku zile tano zilikuwa ndefu kuliko mwaka. Baba alikwaruza uso wa zege kwa patasi ngazi moja baada ya nyingine, akajaza saruji upande wa nyuma, akapima kila hatua kwa pima maji, hakuamini tena kiganja chake. Alirudi jioni na vidole vilivyopasuka, akala, akalala. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniambia nilete chumvi, aliniambia nifunge mbuzi, na zaidi ya hapo hakuniambia kitu, nami sikujua kama amenyamaza kwa uchovu au kwa ajili yangu. Nilijua tu kwamba mdomo wangu ndio uliomweka pale. Nilipokuwa peke yangu mtoni nililia, nikanawa uso, nikajitwika ndoo. Ombi letu la kabla ya kula mama alilifupisha, akalitaja jengo haraka haraka bila kunitazama.

Mpaka Alhamisi jioni alikuwa amesawazisha ngazi saba. Ya nane ilikuwa imefungwa viti tayari, na saruji ilikuwa imekwisha. Lori la kuleta nyingine kutoka Voi lilikwama njiani. Asubuhi ya Ijumaa Mutiso alikuja shuleni kwetu mwenyewe, akamwambia mwalimu anahitaji watoto ishirini wasafi wa kuimba. Tulipofika ukumbini alitupandisha juu kabisa, akatukalisha kwenye ngazi ya nane, tukaijaza kutoka ukuta hadi ukuta, akatuambia tusisimame hata nyoka akiingia. Mbele yangu meza ilikuwa imelala kidogo kuelekea kifuani mwangu. Niliiwekea mikono yote miwili kana kwamba itasema kitu. Mhandisi aliingia, mtu mfupi mwenye miwani, akafungua kila mfereji, akavuta mnyororo wa bafu lisilo na mlango na kulowesha kiatu chake, akacheka. Ukumbini aliweka pima maji kwenye ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaanza kupanda. Baba alikuwa amesimama mlangoni, kiganja kimefumbwa. Kwenye ngazi ya tano mhandisi alisimama, akatutazama, akauliza kama tunaona ubao vizuri kutoka kule. Tukajibu kwa pamoja, kwa nguvu zetu zote, kwamba tunaona. Mutiso akatuashiria, tukaimba beti zote tulizozijua na nyingine tulizozitunga palepale, mpaka mhandisi akageuka, akashuka.

Baba akaandikwa. Akalala nyumbani miaka ishirini na miwili. Mdogo wangu aliacha kujificha chini ya kitanda, akawa anamngoja langoni. Jengo lile baba alilitunza kama mtu anavyomtunza ng'ombe wa maziwa: sinki ikipasuka ni yeye, bati likipeperuka ni yeye, ufa ukitokea ukutani anaujaza kabla haujapata jina. Habari za Jumamosi ile hatukuzizungumza kamwe. Nilikuwa na maneno ya kuomba msamaha, niliyapanga mara nyingi, na kila mara kulikuwa na mbuzi wa kufungwa au chumvi ya kuletwa. Nilipopata nafasi ya kusoma ualimu katika chuo kilekile, tulitembea pamoja asubuhi ya kwanza, yeye na kisanduku chake cha vifaa, mimi na madaftari. Mlangoni pa jengo la sayansi alisimama, akatazama ndani, akasema, "Wakesho, kaa juu kabisa. Kule kalamu haidondoki." Kisha akaenda zake kurekebisha mfereji. Nilikaa kule miaka yote ya masomo. Ni kweli, haikudondoka.

Nilirudi kufundisha kemia humo, nikastaafu, baba akiwa amekwisha kututoka. Mwezi uliopita chuo kilinialika nilione jengo kabla halijafanyiwa ukarabati. Koki za gesi zimefungwa siku nyingi. Wanafunzi wanatazama majaribio kwenye skrini, na kabati la dohani limejaa viti vilivyovunjika. Ukumbini nilimkuta kijana fundi kutoka Voi na kifaa kinachotupa mstari mwekundu ukutani, hakuna kamba wala maji tena. Alikuwa juu kabisa, ameinama.

"Madam," aliniambia, "huyu fundi wa hii ngazi alikuwa amelewa ama?"

"Hapana," nilimjibu. "Alikuwa mkulima."

Alicheka, akidhani namtania. Nikapanda, nikaketi kwenye kiti changu, nikamsimulia yote, ndoo, patasi, watoto ishirini, kama nilivyokusimulia. Alisikiliza vizuri, kijana yule. Kisha akakuna kichwa. "Lakini baada ya hapo alifanya hapa miaka ishirini na kitu, na simiti iko kwa store. Si angeirekebisha tu siku moja?"

Umri wote huu sikuwa nimejiuliza. Ngazi za shamba letu zimeporomoka; ya kulazwa na mkono wake imebaki hii moja. Ndugu zangu wako Nairobi, hakuna wa kuzilaza, na mvua ikinyesha udongo unateremka barabarani huku watu wakiuona. Nilitoa kalamu kwenye mkoba, nikaiweka mezani. Ilibingirika taratibu, ikaja ikasimama kifuani mwangu. Kijana aliuliza kama aanze kusawazisha. Nilimwambia aanzie chini, na hii aje aifanye kesho, kwa sababu leo bado nimeikalia.