Nilivyoharibu mkia wa helicopter ya mzee wa Thika na acetone, siku tatu kabla ya operation yake ya macho

Wakuu, sasa.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma humu na kupita kimya kimya. Leo nimeamua kuandika kwa sababu hii kitu imenikaa kifuani na nikiisimulia watu huku Mwiki wanacheka kabla nifike katikati.

Majina nimebadilisha. Mengine yote ni vile yalivyokuwa, hata pale mimi naonekana vibaya. Na nitaonekana vibaya.

Niiteni Nekesa. Mimi ni mtu wa Bungoma lakini Ruiru ndio nimekulia ukubwani. Kazi yangu ni kucha. Niko na kibanda changu hapa Mwiki, meza mbili, taa ya kukausha gel, na airbrush.

Kwa wasiojua, airbrush ni kama kalamu imeunganishwa na pump ndogo, inapuliza rangi laini kama mvuke. Mimi huitumia kufanya kucha zile rangi moja inaingilia nyingine polepole.

Sasa niko na customer anaitwa Wambui. Ni mwalimu wa primary huko Theta, mtu mpole, huja Jumamosi. Jumamosi moja akaja na carton ya viatu amefunga na kamba kama mtu amebeba kuku.

Akafungua. Ndani ilikuwa helicopter.

Si toy, wakuu. Hii ni ile ya plastiki ya kuunganisha kipande kwa kipande, model ya helicopter ya jeshi. Urefu ni kama kutoka kiwiko changu hadi ncha ya vidole. Mapanga ya juu, milango inafunguka, viti ndani, hata mikanda ya viti. Yote ya plastiki ya kijivu, bila rangi.

Ilikuwa ya babake, Mzee Njuguna. Alikuwa fundi wa ndege jeshini, sasa ni retired, anaishi Thika upande wa Chania. Hiyo model aliletewa na mtoto wake wa kiume aliye nje. Ni helicopter aina ile ile aliyokuwa akitengeneza. Alichukua karibu miaka miwili kuiunganisha, kwa sababu macho yalikuwa yanaenda.

Jicho la kushoto liliisha kabisa, sukari ililimaliza. La kulia lina mtoto wa jicho, na nyuma yake pia sukari imeguza. Alikuwa amepangiwa operation Alhamisi. Daktari aliwaambia ukweli: inaweza kurudisha kuona, inaweza pia kuzima hiyo kidogo imebaki.

"Anataka aione ikiwa na rangi ya jungle, yale madoa ya jeshi, kabla ya Alhamisi," Wambui akaniambia. "In case. Yeye mikono inajua lakini rangi haoni. Wewe uko na hiyo mashine ya kupuliza."

Nikamwambia mimi ni mtu wa kucha.

Akasema, "Nekesa, sina mtu mwingine."

Nikakubali.

Aside kidogo. Mnajua vile hapa kwetu raia haruhusiwi kuvaa jungle. Ukivaa hata kofia ya hiyo rangi watu wanakuangalia. Jirani yangu wa M-Pesa alipoona helicopter kwa meza akaniambia nitakuja kuchukuliwa. Alikuwa anatania lakini mimi nikafunika na taulo. Kila mtu akipita mlangoni narukaruka.

Jumapili mchana nikafunga kibanda nikaanza. Nilikuwa nimeangalia video karibu kumi. Primer kwanza, ile rangi ya msingi, halafu kijani mwili mzima, halafu madoa ya brown na meusi juu.

Kulikuwa na picha moja ya zamani Wambui alileta. Mzee akiwa kijana, overall imejaa grease, amesimama mbele ya helicopter yenyewe. Shida ni picha inaonyesha nusu ya mbele tu. Nusu ya nyuma ilibidi nikisie.

Primer ikakaa vizuri. Kijani ikakaa vizuri. Hapo nikaanza kujiamini, na ndio makosa yangu yote maishani huanzia hapo.

Jumatatu nikaingia mapema nifanye brown kabla ya customers. Nikamaliza ubavu wa kwanza. Nikifika mkia, airbrush ikakohoa. Inafanyanga hivyo rangi ikiwa nzito. Ikatema tone kubwa la brown, likaanza kuteremka.

Wakuu, mkono wangu ukafanya yale umefanya kila siku miaka minane.

Pamba. Acetone. Futa.

Sikufikiria hata kidogo. Rangi ya kucha ikiharibika unafuta na acetone, unaanza upya. Kucha ni kucha.

Plastiki si kucha.

Nilisikia kwanza kwa kidole. Ile sehemu ililegea kama big G imetafunwa. Nikavuta pamba, na pamba ikaja na nyuzi za plastiki. Kwa mkia kulikuwa na shimo refu kama mtu ameramba, nywele za pamba zimekwama ndani, na ile bawa ndogo ya nyuma imelala upande.

Nikaketi chini kwa sakafu.

Hapo kuna mtu atauliza, si ungepigia Wambui simu? Mama Brian, customer wangu wa kwanza siku hiyo, aliniuliza hiyo hiyo. Alinikuta nimeshika helicopter kama mtoto ana homa. Akasema, "Si umwambie tu."

Nikamwambia nitamwambia.

Sikumwambia.

Nilizunguka Ruiru town nzima mchana nikitafuta ingine. Nilionyeshwa helicopter za kulia kama ambulance, za kuvuta na kamba, moja ya kupuliza mapovu. Jamaa wa duka moja aliniuliza kijana wangu ana miaka mingapi. Nikamwambia ni mzee. Akarudisha ile ya mapovu kwa shelf.

Nikarudi. Nikanyoosha ile bawa na vidole. Nikapaka rangi nzito juu ya shimo, safu juu ya safu, kijani, brown, nyeusi, mpaka kwa mbali huoni kitu. Ubavu wa pili nikamalizia hivyo hivyo. Nikapiga picha, nikachagua ile ya upande mzuri, nikamtumia Wambui.

Akajibu, "Waaah! Nekesa wewe!!" na emoji za kulia.

Hiyo message ilinichoma kuliko matusi.

Saa kumi na moja jioni simu ikaita, namba sijui. Ilikuwa sauti ya mzee, polepole, ile Kiswahili ya jeshi iliyochanganyika na Kikuyu, "r" inageuka "l".

"Wewe ndiye msichana wa langi?"

"Ndio mzee. Shikamoo."

"Binti yangu amesema ndege iko sawa. Mkia pia uko sawa? Mimi nilikuwa mtu wa mkia. Kazi yangu ilikuwa huko nyuma."

Wakuu, hapo Mungu alinipa mlango wazi kabisa. Na mimi nikasema, "Uko sawa, mzee."

"Haya. Asante sana, mami."

Akakata.

Siku hiyo sikukula. Nilijiambia mzee haoni, Wambui hajui, operation ni Alhamisi, mambo yameisha. Lakini kila nikifunga macho nasikia lile "mami."

Jumanne asubuhi nikaandika kwa mlango "Nimetoka kidogo," nikabeba carton hadi Thika. Wambui alikuwa shule. Mama yake akanifungulia, akanikaribisha na chai, akaniketisha sebuleni.

Mzee akaingia akishika ukuta. Mrefu, sweta imefungwa vifungo vyote. Akaketi mbele yangu, akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anapokea mtoto.

Nikashindwa kumpa.

"Mzee," nikasema, "nilikudanganya jana. Mkia nimeuharibu. Nilifuta rangi na acetone ikaula. Halafu nikaficha na rangi."

Mama alikuwa amesimama na chupa ya chai, naye akabaki amesimama.

Mikono yake bado ilikuwa imenyooshwa. Nikaweka helicopter hapo.

Vidole vilianzia puani, vikapita mlango, vikapita engine, vikateremka mkia. Havikukimbia. Vilipofika pale vikasimama. Akabonyeza na kucha ya kidole gumba.

"Hapa."

"Ndio, mzee."

Nilisikia mtu huko nje akivuta mtungi wa maji.

"Msichana," akasema, "nimefanya kazi ya ndege miaka ishirini na mbili. Mimi mwenyewe nimeharibu vitu, vya bei huwezi taja. Ukiharibu, unasema, tunatengeneza. Ukificha, ndege inapanda ikiwa mbovu, na watu ndani."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nikaanza kulia. Akaacha nilie kiasi, halafu akauliza, "Hiyo acetone uko nayo?"

Nilikuwa nayo kwa handbag. Mtu wa kucha hakosi.

Akamtuma mama alete mkebe fulani kutoka chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na zile fremu za plastiki, yale mabaki yanayobaki ukishakata vipande vya model. Hakuwa ametupa hata moja.

Akaniambia nikate kama punje za mchele, niweke kwa chupa ndogo, niongeze acetone kidogo, nifunge, ningoje. Tukangoja. Plastiki ikayeyuka ikawa uji mzito wa kijivu. Ile kitu ilikula mkia ndio ikawa gundi ya kuuziba.

Nikakwangua rangi yangu yote ya uongo. Nikajaza shimo kwa kijiti, safu nyembamba, yeye akiniambia, "Kidogo. Wacha ikauke. Kidogo tena." Alikuwa hacheki na mimi. Alikuwa ananiagiza kama mtu wake wa kazi. Na ajabu ni kwamba hapo ndipo nilianza kupumua.

Akaniambia niende Ruiru nichukue airbrush, nirudi Jumatano.

Jumatano uji ulikuwa umekauka. Kusugua alisugua mwenyewe na msasa laini, macho yamefungwa, anapitisha msasa, anapitisha kidole, msasa, kidole. Hiyo kazi mimi singeiweza na macho yangu mawili.

Tukapeleka meza nje kwa jua. Akanisomea madoa kwa kichwa chake. "Brown inatoka nyuma ya mlango, inapanda, inavuka mgongo. Usiipeleke sawa sawa, ivunje. Nyeusi inaanzia chini ya mkia, nyembamba, inapanuka." Kumbe yale nilikisia yote yalikuwa nyuma mbele. Nikarudia ubavu wote wa kushoto na wa kulia.

Saa tisa ikakauka. Akaiinua karibu na jicho lake mpaka inaguza nyusi, akaigeuzageuza kwa jua.

"Naona kitu iko na madoa," akasema.

Akabaki nayo hivyo kwa muda. Mama akaingia ndani.

Nilipokuwa nafunga vitu vyangu aliniambia tu, "Umerudi. Hiyo ni kitu." Kama alikuwa amenisamehe, sikujua. Hakusema.

Alhamisi nilikuwa napaka watu kucha na simu imelala kwa mapaja. Nilikosea mtu vidole viwili. Saa nane Wambui akaandika, "Ametoka theatre. Tunangoja." Ijumaa walitoa bandage. Akaandika, "Anasema ni ukungu tu."

Ukungu. Hakuna kingine.

Wiki ya kwanza ukungu. Nikawa naogopa kumuuliza. Yeye akikaa bila kuandika naogopa, akiandika naogopa kufungua. Nilianza kufikiri labda ile Jumatano ndio mara ya mwisho aliona kitu, na yale aliyaona ni madoa ya mtu aliyemdanganya.

Wiki ya tatu, Jumamosi, Wambui akapiga. Sauti yake imekauka. "Baba anakutaka. Leo."

Nikauliza kuna nini. Akasema, "Wewe kuja tu."

Nikajua mkia umeanguka.

Nilimkuta mzee kwa kiti karibu na dirisha, miwani mipya mizito, helicopter mkononi. Wambui amesimama nyuma yake. Mzee hakunisalimia hata.

"Nekesa. Hii green uliitoa wapi?"

Nikasema niliichanganya mwenyewe, nikifuata picha.

"Picha imefifia! Yetu ilikuwa imekolea, nzito. Hii ni langi gani? Hii ni sukuma imechemshwa mpaka ikasahaulika kwa jiko."

Nikafungua mdomo niombe msamaha. Halafu nikaangalia Wambui. Alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika. Hapo ndipo ikaniingia.

Mzee alikuwa anagombana na rangi. Alikuwa anaiona.

Nikamwambia nitaibeba nikairudie yote, na rangi yenyewe.

Akaivuta kifuani.

"Wacha hapa hapa. Nataka niikasirikie kila asubuhi."

Basi wakuu, ni hayo.

Nilichojifunza: acetone na plastiki zikae vyumba tofauti. Na ukiharibu kitu cha mtu, sema siku hiyo hiyo, ukiwa bado unatetemeka. Mimi nilikaa na uongo siku moja tu, na hiyo siku bado sijaimaliza.

Walio hapa Thika Road wanaofanya hizi model, niambieni mnatoa wapi rangi nzuri, maana mzee ameanza kuulizia ndege nyingine. Na kama kuna kitu cha mtu uliwahi kuharibu ukanyamaza, andika hapo chini. Sitakucheka.